Kinanda Bila Stima

Juzi nilimkuta binti yangu akifanya mazoezi ya kinanda akiwa na hedifoni. Chumba kimya, vidole vinakimbia. Nikakumbuka mchana ule wa utotoni kijijini Sosiot, mvua ya mawe ilipokata stima kanisani.

Nilitamani kupiga wimbo wa kwaya, lakini Shangazi Chebet, aliyekuwa akinifundisha, alitaka noti zile zile, kupanda na kushuka. Giza halikumbadilisha. "Stima ndiyo imepotea, si vidole vyako. Endelea."

Harufu ya majani chai yakikaushwa kiwandani iliingia dirishani. Nilibonyeza kinanda kisicholia, nikakosea, nikanuna. Kisha hofu ikanishika: niliamini kinanda kinaweka ndani yote ninayobonyeza, na stima ikirudi makosa yangu yatalia kwa pamoja.

Taa zilipowaka niliziba masikio. Shangazi aliuliza kulikoni, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini.

"Haya, piga huo wimbo wako."

Niliupiga, na vidole vilijua njia bila kuniuliza. Kumbe kuna kitu kilikuwa kimewekwa, ila si ndani ya kinanda.

Basi juzi nilichomoa waya wa hedifoni. "Mama, bado sijamaliza mazoezi," binti yangu akalalamika.

"Najua. Nipigie wimbo unaoupenda."