Kimya cha Wodi Yangu

Jamani, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Ni nesi wa wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, hapa Nachingwea, na kwenye kelele sina mchezo, maana watoto hawa huchoshwa na makelele na mwanga. Kitanda cha kona nilikuwa nimekifunika kanga, na anayekohoa karibu yake namtolea macho.

Juzi, mama wa mtoto wa kitanda hicho alipokwenda kuoga, mumewe, mkulima wa Mbekenyera, akabaki kando ya kitanda, kafunga vifungo vyote vya koti kwenye joto lile. Kila akianza, "Sista, huyu mtoto...", namkatisha: "Shii! Baba, mtoto kalala!" Hata daktari nilimnyamazisha.

Muda wa maziwa ulipofika, nikainua kanga. Kitanda kitupu! Nilipiga yowe, njiti wote wakaitikia. Mlinzi akafunga geti. Mimi nalia huku natafuta uvunguni.

Mara koti la yule baba likapiga chafya.

Akafungua vifungo viwili. Mtoto huyo hapo kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nilivyomfundisha mkewe. Nikapaza sauti: "Asante Mungu!"

"Ndicho nilichotaka kukwambia, sista," akaninong'oneza. "Ila punguza sauti, utawaumiza watoto."