Uyoga Ulioliwa na Kindi

Niliondoka Tunduma Ijumaa mchana, mvua za Januari zikiwa zimechanganya, katikati ya miaka ya tisini. Siku mbili kabla nilikuwa nimewafundisha darasa la tano kwamba uyoga ulioliwa na kindi hauna sumu, maana kindi ni mnyama anayenyonyesha kama sisi. Jioni nilipomsimulia, mke wangu akaniuliza, "Nani kakuambia?" Akanituma kwa shangazi yake huko Igamba, mchuma uyoga tangu utotoni.

Mlowo niliteremka basi, nikadandia pikapu iliyobeba mbolea. Mara mbili tulishuka kuisukuma kwenye tope. Nilifika jua likizama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Nawa miguu kwanza. Maswali yapo tu."

Jumamosi asubuhi tuliingia msituni, nyuma ya mashamba ya kahawa. Kwenye kisiki tulimkuta kindi ameshika uyoga mweupe kwa mikono miwili, anautafuna upesi upesi. Nilipokohoa alipanda mti, kipande kikamponyoka. Nikakiokota. Alama za meno zilionekana wazi.

"Kwa hiyo huu unalika?"

"Weka chini, mwalimu. Tumaini, mdogo wangu, naye aliona meno kama hayo. Akapika. Siku ya tano tukamzika."

Nilikiweka chini. Tulirudi nyuma mpaka kindi akashuka, akaendelea kula. Nilimwangalia muda mrefu, nikingoja alegee. Hakulegea. Shangazi akafukua majani chini ya mti uleule, akanionyesha nyuzi nyeupe za uyoga, nyembamba kama za buibui, zimeng'ang'ania mizizi. Kindi hukimbilia juu, uyoga umejificha chini, na wote wawili wanaishi kwa mti mmoja. Mimi nilikuwa nimemlinganisha kindi na mtu, wala uyoga wenyewe sikuwahi kuuchunguza.

Jumapili nilirudi Tunduma. Jumatatu nililiambia darasa kwamba nilikosea. Neema, wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nilishamwambia mama."

Wengine wengi nao wakanyoosha.

Mchana huo nilianza kupita nyumba kwa nyumba. Mama Neema alinisikiliza hadi mwisho, akaingia jikoni, akatoka na ungo wa uyoga mweupe alioanika, baadhi ukiwa na alama za meno. Akanikabidhi pamoja na jembe, nikaufukie.