Sailensa ya Pikapu ya Baba

Jirani na nyumba yangu hapa Mbeya kuna gereji ya uani. Asubuhi za baridi nasikia gari likiwashwa, kisha injini inapanda yenyewe, inanguruma, inagoma kushuka. Mafundi husema sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, iko juu. Wapita njia hawageuzi hata shingo. Mimi huacha ninachofanya, nikasikiliza.

Pikapu ya baba ilikuwa hivyo. Tuliishi Idodi, baba akibeba vitunguu vya watu kupeleka Iringa mjini, na lile gari kuukuu lilinuka vitunguu hata likiwa tupu. Likisimama, mguu wa baba ukiwa mbali kabisa na pedali ya mafuta, injini iliunguruma kana kwamba inapanda mlima. Mbuzi walitawanyika. Watu walitania kwamba gari la Baba Neema lina haraka kuliko mwenyewe. Baba alicheka nao, kisha akafungua boneti, akakaza skrubu hii, akalegeza ile, akaosha kabureta kwa petroli mpaka vidole vikapauka. Sauti ilishuka. Injini ikipata moto, ilipanda tena.

Mama naye alikuwa anaumwa. Miguu ilimvimba, akawa analala ameketi, mito mgongoni. Zahanati wakasema apelekwe hospitali kubwa Iringa. Asubuhi hiyo baba alimbeba mikononi, akamweka kiti cha mbele, nami nikabanwa katikati yao. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alinimenyea ndizi, kana kwamba tunakwenda harusini.

Njiani gari lilitukimbiza lenyewe. Kila mteremko baba alikanyaga breki mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Hatimaye akaegesha pembeni, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, akafungua boneti huku injini ikiwaka.

"Siwezi kushuka na gari hii hivi," alisema. "Itatuua."

Aliinama humo muda mrefu. Jua likapanda, vumbi likatua juu ya mgongo wake. Mama alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, macho amefumba, nilidhani amesinzia.

"Baba Neema," akaita taratibu. "Kuna kitu kinafyonza."

"Kinafyonza nini?"

"Hewa. Kama mtu anayekunywa uji wa moto. Sikiliza huku kwangu."

Baba akazunguka upande wake, akatega sikio, akapenyeza mkono nyuma ya injini. Huko kulikuwa na kampira kembamba kalikopasuka, kakivuta hewa pasipotakiwa. Alipoziba ufa kwa kidole, ngurumo ikashuka mara moja. Akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga pale, akaukaza kwa meno.

Sikuwahi kusikia pikapu ile ikinguruma kwa upole namna hiyo. Nilipiga makofi. "Limepona! Mama, limepona!"

"Sasa tutafika kama watu," mama akasema, akatabasamu.

Nikaanza kuimba wimbo wa Sunday school. Baba alirudi kwenye usukani lakini hakuondoa gari. Alimtazama mama, akakaa vile vile, mkono juu ya gia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, "Neema, nyamaza."

Nilinyamaza. Alipandisha vioo vyote, joto lile, akaendesha bila kuitikia hata waliompungia mkono na kumsalimu "Kamwene!" Nilidhani amenuna kwa kuwa mama alimshinda kwenye gari lake mwenyewe. Mama alifia wodini kabla vitunguu vya msimu ule havijaisha shambani, nami niliishi na dhana hiyo mpaka nikawa mtu mzima.

Mwaka ambao baba mwenyewe alilala mgonjwa nyumbani kwangu, kifua kikimbana, jioni moja wanangu walikuwa wakicheka sebuleni. Nikawakemea wanyamaze, nikafunga mlango na madirisha, nikasogeza kiti karibu na mto wake, nimsikie anavyopumua. Hapo ndipo nilipojua. Ngurumo ya pikapu ilipokoma siku ile, baba alisikia pumzi za mama zilivyokuwa, fupi, zenye maji ndani yake, na safari ilikuwa bado ndefu. Hakuwa amenuna. Alitaka kuisikia kila pumzi mpaka Iringa, asije akapitwa na moja, na mimi, niliyekaa katikati yao, bega langu likigusa mbavu za mama, nilikuwa naimba.