Pumzi ya Ngazini

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hata leo nikipanda ngazi penye giza hujikuta nimefunga mdomo. Unacheka? Cheka tu, wewe unayerudi kutoka mbio zako za Upanga kila asubuhi umeinama, umeshika magoti, ulimi nje.

Tulikaa ghorofa ya sita, Mchafukoge, na baba alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Mdogo wangu Eliya alikuwa na pumu. Mchana mmoja ikambana vibaya, dawa yake ya kuvuta imekwisha, mama akanituma duka la dawa. Niliporudi nayo umeme ulikuwa umekatika na lifti haifanyi kazi. Nikazipanda ngazi mbili mbili, mdomo wazi, nikimwaza Eliya tu.

Ngazi zile hazikuwa na dirisha. Ghorofa ya tatu nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikasimama, nikabana pumzi. Yeye akaendelea kuhema. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nikazidisha mbio, na mbio za sakafuni huishia ukingoni: ghorofa ya nne miguu iligoma, kizunguzungu kikanishika, nikaanguka. Hapo nikaitwa kutoka chini, kwa sauti ya mama kabisa.

"Ndeshi! Njoo huku, mwanangu!"

Na mama nilimwacha juu.

Nilikuwa nafungua mdomo niitike "abee," mlango wa pembeni ukafunguka. Alikuwa Bi Zuwena, bibi wa Kiarabu aliyekaa ghorofa hiyo, na mshumaa mkononi.

"Funga domo hilo! Huna pumzi, halafu unataka kumwitikia usiyemwona?"

"Shikamoo bibi... Eliya..."

"Marahaba. Eliya hatapona kwa wewe kufia hapa. Vuta kwa pua. Toa taratibu, utoe kirefu kuliko ulivyovuta. Kanyaga ngazi moja moja, mguu ufuate pumzi. Na ukiitwa, nyamaza."

Nikaenda. Yule wa nyuma naye akaja. Nikivuta, anavuta, nikitoa taratibu, naye anatoa taratibu. Mwili ulinisisimka, lakini sikugeuka wala sikukimbia, na miguu ikapata nguvu.

Nilimkuta Eliya mapajani mwa mama, midomo imebadilika rangi. Tukampa dawa. Nikamshika mkono, nikapumua mbele yake kama nilivyofundishwa, mpaka naye akanifuata. Nililia siku ile, wala sioni aibu kusema.

Jioni mama akaniuliza, "Mbona uliniita sana kule ngazini? 'Mama, njoo, nimeanguka.' Nilishamlaza mtoto chini, nikafika mlangoni. Moyo ukakataa, nikarudi."

Mwanangu, pale ngazini sikuwa na pumzi hata ya kumwita jirani.

Aliyeita mimi simjui, na sitaki umtafute. Ninachokuusia ni hiki: iwe mbio au mlima, anza polepole, maana mwenda pole hajikwai. Vuta kwa pua, na pumzi ya kutoka iwe ndefu. Ikikushinda, punguza mwendo kabla mwili haujakulazimisha. Na hofu ikikufuata nyuma, usishindane nayo mbio.

Haya, nenda. Mungu akujalie pumzi ndefu, na anayekungoja huko juu umkute yu hai.