Ushahidi Niliouficha Kwapani

Kwa nini mafuta ya nazi yalale yakiwa maji, yaamke meupe kama samli? Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na shahada, na kwa shahada yangu nikaamua kuna mtu anatudanganya.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, mwezi wa Julai, Bagamoyo. Bi Saumu alikuja kumsinga dada yangu kwa liwa na mafuta ya nazi, maana alikuwa anaolewa jioni ile. Mafuta kwenye chupa yake yalikuwa yameganda. Mimi nimekulia Dar, chupa yetu hukaa kando ya jiko. Sikuwahi kuona jambo hilo.

"Shikamoo, Bi Saumu. Haya umeyachanganya na mafuta ya mgando."

"Marahaba. Mimi huyu?" Akaanza kukunja mkeka. "Basi msingeni wenyewe."

Dada akaangua kilio, liwa imemjaa usoni.

Nikahofia ushahidi utabadilishwa. Nikaibana chupa kwapani, ndani ya khanga, nikatoka kwenda uani walikokuwa mama na shangazi. Nikawapa mhadhara mrefu juu ya wafanyabiashara wasio waaminifu.

"Haya, tuuone huo mgando," shangazi akasema.

Nikaichomoa chupa kwa mbwembwe. Mafuta yalikuwa maangavu, yanacheza ndani kama maji.

Bi Saumu, aliyekuwa amenifuata na mkeka wake, akatoa chupa ya pili.

"Na hii bado imeganda, mwanangu. Nyanyua kwapa tumuwahi bibi harusi."

Nikanyanyua.

Baadaye sana nilisoma kwamba mafuta safi ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto ishirini na nne hivi. Kwapa la msomi lina zaidi ya thelathini.