Jinsi tulivyoizeesha treni yetu ya mabati kwa ajili ya ngoma, Bariadi

Mwangaluka, wakuu. Najua wengi humu ni wa umri wa wajukuu zangu, ila nimekuta ndivyo mnavyoitana, nami nafuata.

Kuna mmoja wenu aliweka picha ya kitreni chake cha mezani. Akauliza afanyeje kionekane kimefanya kazi, maana kinang'aa kama sahani mpya. Mkamcheka. Mimi sikucheka, kazi hiyo nimewahi kuifanya. Naandika niliyoyaona na kuyashika, na waliokuwepo bado wapo wa kunisuta.

Niwataje kwanza.

Masanja, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Shija. Yeye alikuwa ningi wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma.

Ng'washi, wifi yangu, dada yao Masanja na Shija. Hakuna aliyemshinda kusiriba nyumba.

Jidula, fundi bati wa Ngulyati, mtoto wa mama yangu mdogo.

Na Limbu. Huyu ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Lakini yeye alikuwa ningi wa upande wa pili. Sisi Wagika, wao Wagalu, na ukiolewa unacheza ngoma ya unakoolewa.

Kwa wasiojua: kwetu baada ya mavuno, ngoma mbili zinacheza uwanja mmoja, saa ileile. Hakuna jaji. Watu wanakwenda wanakopenda, na upande uliojaa ndio umeshinda. Kwa hiyo kila ningi anatafuta kitu cha kuvuta watu. Wengine nyoka, wengine sanamu, wengine dawa, hayo siyasemi.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeingia. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika, ikaenda Malampaka kupakiwa kwenye treni. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao. Mmoja wao akaipa ngoma ya Limbu tisheti, jenereta na spika. Vijana wetu wakaanza kuhamia huko mmojammoja.

Masanja akatuita akasema, "Mwaka huu tukishindwa, naitundika ngoma. Kila mtu akacheze anakotaka."

Ngoma ile kubwa aliichonga Shija mwenyewe. Nikasema moyoni haitundikwi nikiwa hai.

Jidula ndiye aliyeleta wazo la treni. Akatengeneza kichwa kimo cha ndama, na mabehewa nyuma yake, yote mabati na madebe, magurudumu ya mti. Wachezaji wanaivuta kwa kamba huku wakiimba. Akaipaka rangi ya mafuta, ikang'aa.

Tukaijaribu siku ya mnada Ngulyati.

Wakuu, watu walicheka hadi wakakaa chini. Limbu akaizunguka mikono nyuma. Akaniambia, "Dada, hii imewahi kubeba nini? Hata mbu hajaipanda."

Nikamwambia, "Wewe subiri."

"Nasubiri. Ila mkiishiwa, hilo debe la nyuma ni zuri la kutekea maji."

Tukarudi nyumbani. Ng'washi akasema kasoro ni upya, basi tuichafue. Akakanda udongo na majivu, akaisiriba yote kwa ufundi wake, juu hadi chini. Ikakauka. Masanja akatoka akaitazama. "Nimewaambia muizeeshe," akasema. "Ninyi mmeijengea nyumba."

Jidula naye akasema tupake maji ya chumvi, bati litashika kutu. Tukapaka, tukaianika. Mbuzi wa Masanja wakaja wakalilamba behewa zima. Ng'washi akasema angalau tumepata washabiki.

Hapo nikaomba lifti kwenye lori la pamba, nikaenda Malampaka kuitazama treni yenyewe.

Malampaka nilikuwa napajua. Shija alikuwa kuli pale, anapakia marobota, na mimi nilikuwa nawauzia uji. Nilikuta kichwa kimoja na mabehewa machache vimesimama, uwanja umepoa. Makuli karibu wote walikuwa wamerudi vijijini kwao, kazi imekwisha.

Nikakaa chini nikatazama. Huyu mkuu wa kitreni asome hapa vizuri.

Uchafu una njia zake. Kutu haishiki kila mahali. Inaanzia kwenye boliti na kwenye maungio, halafu mvua inaishusha chini kama machozi. Kwenye kitasa cha mlango pamekuwa peusi kwa mikono ya watu. Usawa wa bega rangi imelika, kwa sababu marobota yanasugua hapo kila siku. Magurudumu yana vumbi jekundu, na katikati oili imelishika vumbi hilo likawa tope. Juu ya kichwa ni masizi, mazito karibu na bomba, mepesi kurudi nyuma. Na kwenye nyufa za mlango, nyuzi za pamba.

Tena kulikuwa na chaki. Kila kundi la makuli likimaliza kupakia waliandika majina yao mlangoni. Mvua ilikuwa imefuta nusu, nusu bado inasomeka. Na watu wale wote niliwapa uji kwa mkono wangu.

Nikarudi nikawaambia, treni tunaiosha, tunaanza upya.

Kutu tuliikwangua kwenye mabati ya zamani ya paa la mama yangu, tukaisaga, tukaichanganya na mafuta ya taa. Tulichora kwa unyoya wa kuku kutoka kwenye kila msumari kwenda chini. Halafu Ng'washi anapita na kitambaa, anafuta kwa kushuka tu, kama maji yanavyoshuka. Ukifuta kwa kuzungusha umeharibu. Masizi tulitoa kwenye matako ya vyungu, oili chafu kwenye mashine ya kusaga. Rangi ya usawa wa bega tuliisugua kwa majani ya msasa hadi bati likatokeza. Tulichoka. Tulipokosea tulifuta tukarudia.

Chaki nilishika mwenyewe. Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwandiko wangu ni wa kupinda, ila wa makuli nao ulikuwa hivyohivyo. Nikaandika: Sayi Mashoto. Mabula wa Binza. Doto Kidevu. Nkuba Asiyechoka. Na wengine, kila behewa na kundi lake. Shija nikamweka behewa la kwanza, alipokuwa anapenda kupakia. Kisha nikafuta nusunusu kwa kiganja.

Jina la mwisho niliandika peke yangu, chini kabisa, karibu na gurudumu la nyuma.

Siku ya mashindano spika za Limbu zilisikika uwanja mzima. Watu wakajaa kwake. Sisi tukatoka na treni yetu, Masanja mbele anaimba bila spika. Hakuna aliyecheka, lakini pia hakuna aliyekuja.

Kisha mwanamume mmoja akakatiza uwanja polepole, amebeba kofia yake mkononi. Akainama mlangoni. Akageuka akaita kwa sauti, "Mabula! Njoo uone, tumeandikwa!"

Alikuwa Sayi. Makuli wa zamani walikuwa wamo humohumo kwenye umati, wamekuwa wakulima. Wakaanza kutoka mmoja baada ya mwingine, na wake zao, na watoto. Wengine wakitafuta majina ya baba zao. Mama mmoja alilikuta jina la mumewe marehemu, akaweka kiganja pembeni yake, asiliguse likafutika.

Upande wa Limbu ukaanza kupwaya. Akaacha wimbo katikati akaja, jasho linamtoka na tisheti yake mpya.

"Na mimi nilipakia," akaniambia.

"Ulipakia ukakimbia, kaka. Bega liliuma."

"Nilipakia. Nimeandikwa wapi?"

"Behewa la mwisho. Chini."

Akapiga magoti mbele ya treni yetu, uwanja mzima unamtazama, na watu wake wote wamemfuata nyuma. Akalisoma. Akapitisha kidole kwenye kutu, akanusa.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya paa la mama."

Akainuka. Kisha akamwita Masanja, akaomba ashike kamba ya treni. Spika zilikuwa zinaunguruma tu huko peke yake.

Ngoma ya Shija haikutundikwa. Ukoo wangu wa ukweni bado unaipiga.

Kwa hiyo mkuu wa kitreni, nilichojifunza ni hiki: usikipake uchafu tu. Jiulize ni nani alikishika, alikishika wapi, mvua ilipita wapi. Halafu muweke mtu huyo hapo.

Wenye maoni karibuni, na wenye vitreni ulizeni. Lakini kubwa ninaloomba ni kwa watu wa Bariadi na Maswa. Sayi Mashoto, Mabula wa Binza, Doto Kidevu, Nkuba Asiyechoka. Kama kuna jina nimelikosea, au baba yako alipakia Malampaka na sikumtaja, andika hapo chini. Nitarekebisha.