Kathini Aliyeegesha Lori Akapanda Matete

Sisi wakazi wa Koti ya Neema, nyumba zinazozunguka ua mmoja huku mwisho wa mtaa wa Tena ambako bomba la majitaka halikuwahi kufika, tulimnusa Kathini Nzivo kabla ya kumjua. Harufu ikipanda, mtu alifunga dirisha na kusema, "Mama Mwelu amefika," kwani tulimwita kwa jina la mwanawe. Alikuwa dereva wa lori la kunyonya majitaka, mwanamke wa pekee tuliyewahi kumwona katika kazi hiyo. Lango letu ni jembamba na madereva wengine walikuwa wamelikwangua pande zote mbili, lakini yeye aliingia kinyumenyume bila kugusa ukuta, akaburura mpira mzito hadi kwenye shimo letu la vyoo, akawasha pampu, akasimama kando akiimba nyimbo za kanisani kwa Kikamba.

Udereva aliufundishwa na baba yake, aliyekuwa akibeba mchanga kutoka Machakos. Mume wake, Matheka, ni mchonga vinyago. Lori halikuwa lao. Lilikuwa la bwana mmoja aitwaye Wahome, mwenye magari mawili ya aina hiyo na simu isiyonyamaza.

Siku moja asubuhi Kathini alikuwa amelijaza lori kwetu na yuko njiani kwenda kulimwaga kwenye kituo kinachoruhusiwa. Wahome akapiga simu.

"Kituoni kuna foleni," alisema. "Mwenzako amemwaga mtoni na ameshapata kazi ya pili. Fanya hivyo hivyo."

"Mtoni kuna watu wanamwagilia sukuma wiki, Bosi."

"Mto wenyewe umeshakuwa choo. Nani atajua tofauti?"

"Basi nitakuletea lori lako," Kathini alisema.

Alikwenda kituoni, akapanga foleni mpaka zamu yake ikafika, akamwaga, akaliosha lori ndani na nje. Kisha akalirudisha uwanjani kwa Wahome na kumkabidhi ufunguo mkononi. Nyumbani alimweleza Matheka bila kukaa chini. Matheka alikuwa akimpiga msasa twiga wa mninga. Akaendelea kidogo, halafu akasema, "Afadhali umeacha. Ningeambiwa na watu kwamba mke wangu anamwaga kinyesi mtoni, ningeona haya kupita njiani."

Kwetu mambo yaliharibika upesi. Wahome hakupata dereva wa kuliweza lango letu, shimo likajaa, na maji yakaanza kuingia jikoni kwa Jacklyne Aoko, ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya koti. Jacklyne ni karani, mtu wa kwenda kazini na viatu vilivyong'aa. Sasa alikuwa akitoka mlangoni na viatu mkononi na gamubuti miguuni.

Alimpigia Kathini kuuliza kama anajua lori lingine. Kathini akamwambia yuko mtu anayemjua, ila hana lori.

Mtu huyo alikuwa Waruguru, injinia wa shirika moja la usafi wa maji, aliyekuwa akija pale kituoni kuchota sampuli za maji kwenye chupa. Mara nyingi walipiga gumzo Kathini akisubiri zamu yake. Waruguru alikuwa amemwonyesha picha za shule moja ambayo maji ya vyoo vyake yalipitishwa kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, yakatoka upande wa pili yakiwa safi kiasi cha kumwagilia miti. Kathini hakuwahi kuzisahau picha hizo. Alituambia sababu baadaye: "Miaka yote hiyo nimehamisha uchafu kutoka hapa kwenda pale. Sijawahi kuuona ukiisha."

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya kanisa, chini ya kamba za nguo. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Opiyo, mstaafu wa reli, mtu anayesikiliza akiwa amefumba macho. Waruguru alipomaliza kueleza, mzee alifumbua macho akamtazama Kathini, si injinia.

"Mama Mwelu, wewe ndiye uliyekuwa unatutolea haya maji. Leo unataka tuyafuge mlangoni?"

Watu walicheka. Kathini alingoja wanyamaze.

"Mzee, mnayafuga sasa hivi. Yako jikoni kwa Jacklyne."

Hapo hakuna aliyecheka. Waruguru akaeleza tena, taratibu. Uchafu mzito ungebaki kwenye tangi la kwanza, yaani shimo letu lile lile. Maji yanayobaki yangepita chini ya kokoto, wala yasingeonekana juu, kwa hiyo mbu asingepata pa kutaga na harufu isingepanda. Katikati ya kokoto na mizizi ya matete kungekuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na chakula chao ni ule uchafu. Mwisho kabisa maji yangeingia kwenye uwanja wa bondeni, ule uliojaa vifusi vya wajenzi, ambao zamani ulikuwa kinamasi. Vifusi vingeondolewa ili kinamasi kirudi.

"Na nyoka?" mtu akauliza.

"Mwenye wazo lingine aseme sasa," alisema Jacklyne. "Mimi nimechoka kupika nikiwa nimevaa gamubuti."

Tulipiga kura. Mkono uliopinga ulikuwa mmoja tu, wa mwenyekiti.

Kibali cha serikali kilipotoka, shirika la Waruguru lilileta kokoto na turubai zito la plastiki la kutandika chini. Kuchimba kukawa juu yetu. Siku ya kwanza ya kazi, wa kwanza kufika alikuwa Mzee Opiyo, na pimamaji lake la reli kwapani.

"Nilidhani ulikataa, Mzee," Kathini alimwambia.

"Bado nimekataa. Nimekuja kuangalia mteremko. Mkikosea hapa, maji yatarudi kwangu."

Alipima, akapima tena, akakuta vigingi vya Waruguru viko sawasawa. Kesho yake alirudi.

Kathini alichukua usimamizi bila kuchaguliwa na mtu. Alijua nani ana mgongo mbovu apewe kazi ya kupanga kokoto, na nani ana nguvu na mdomo apelekwe bondeni kubeba vifusi. Yeye mwenyewe alishinda bondeni. Tulipofikia udongo wa chini tuliukuta mweusi na wenye unyevu. Mvua fupi za mwisho wa mwaka zikanyesha, na asubuhi moja alitugongea milango, nyumba kwa nyumba, akituita tukaone. Vichipukizi vya matete vilikuwa vimetoboa ardhi kila mahali, na kandokando yake mafunjo, wakati huko bondeni hakuna aliyekuwa amepanda hata jani.

"Mbegu na mizizi ilikuwa imelala," Waruguru alieleza. "Ilikuwa inangoja mtu atoe mzigo."

Jacklyne aliinama akagusa kichipukizi kimoja. "Chini ya mawe yote yale," alisema, na akakaa pale mpaka akachelewa kazini.

Tungependa kusema kwamba tangu siku hiyo yote yalikwenda vizuri. Mwezi wa pili, matete ya kwenye kokoto, yale tuliyopanda kwa mikono yetu, yalianza kuwa ya manjano. Dimbwi jeusi likasimama mahali maji yanapoingilia, na harufu tuliyoahidiwa kwamba haitarudi ikarudi. Vijana wa koti ya jirani wakawa wakipita wamejiziba pua na kutusalimu kwa kejeli: "Niaje, watu wa shamba la choo?" Mzee Opiyo aliitisha mkutano wa kukifukia kitalu chote.

Kathini hakulala vizuri wiki hiyo. Alikuwa amewaomba watu wamwamini, na wao walikuwa wamemwamini kwa majembe. Waruguru alikuja, akafunua tangi la kwanza, akatumbukiza ubao mrefu na kuutoa. Tope lilikuwa limeupaka karibu wote.

"Kosa ni letu sote," alisema. "Tulianza na tangi lenye tope la miaka. Halina nafasi tena, linasukuma uchafu mzito kwenye kokoto na kokoto zimeziba. Matete hayana ubaya. Tangi linyonywe, kokoto za mwanzo zioshwe, yatapona."

"Linyonywe na nini?" Mzee Opiyo aliuliza. Kisha yeye na sisi sote tukamgeukia Kathini.

Alimkuta Wahome uwanjani kwake. Malori yote mawili yalikuwa yamesimama. Wakaguzi walikuwa wamemnasa yule dereva mwingine akimwaga mtoni, na tangu hapo hakuna mteja aliyetaka kuonekana na gari la Wahome langoni kwake. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kunicheka?" aliuliza.

"Nimekuja kuomba lori. Nitaliendesha mimi."

"Utamwaga wapi?"

"Unajua nitamwaga wapi."

Wahome alitazama malori yake. Alikwenda chumbani, akarudi na ufunguo. "Foleni bado ni ndefu," alisema, akiwa amegeukia pembeni.

"Nitapanga," Kathini alijibu.

Siku hiyo lori lilipoingia kinyumenyume langoni mwetu, hakuna aliyefunga dirisha. Tulitoka nje. Mzee Opiyo mwenyewe aliushika mpira, na tope lilipoanza kupanda ukatikisika mikononi mwake kama kitu chenye uhai, naye hakuuachilia. Kathini alikwenda kituoni na kurudi, akaenda tena, mpaka tangi likawa tupu. Tuliosha kokoto za mwanzo kwa mikono, tukazirudisha. Kabla Pasaka haijafika matete yalikuwa yamerudia ukijani wake na kumpita mtu kwa urefu.

Halafu zikaja mvua za masika, na mwaka huo zilikuja kwa hasira. Mashimo ya koti za jirani yalifurika mpaka barabarani, na watu walipita wakiruka mawe. Kwetu tulisubiri kwa hofu. Kathini alisimama bondeni chini ya mwavuli uliovunjika mbavu, akitazama bomba la kutokea. Maji yalitoka kwa nguvu yakaingia kinamasini, kinamasi kikayapokea, kikapanuka, kikayatuliza, na kikayaachia kwenda mtoni polepole. Jikoni kwa Jacklyne palibaki pakavu. Mvua ilipopungua Waruguru alijaza chupa mbili, moja kwenye tangi na moja pale bomba linapotokea, akaziweka juu ya ukuta. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kupitia ya pili uliweza kumwona mtu aliyesimama nyuma yake.

Vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba maji yale yanaruhusiwa kuingia mtoni. Waruguru alimpigia Kathini simu na kumsomea. Kathini aliomba asomewe tena. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema, "Kwa hiyo unaisha. Uchafu unaisha kweli."

Siku hizi Wahome ana dereva mmoja wa kudumu, na kazi yao kubwa ni kunyonya tope la matangi ya vitalu kama chetu, ambavyo vimezidi kuongezeka. Anayevitembelea kuvikagua, kukata matete yaliyozeeka na kufundisha wakazi ni Kathini. Ndege wa kila rangi wamekuja bondeni kwetu. Nyoka bado hatujamwona.

Mwezi uliopita wazee wa mtaa wa Ziwani walimwalika aende kuwaeleza. Alikwenda na Mzee Opiyo, ambaye hakuwa amealikwa. Kathini aliposimama ili aanze, mzee alikuwa ameshasimama.

"Mimi nililipinga jambo hili," aliwaambia, "kwa hiyo niulizeni mimi. Huyu mama atawaambia mazuri tu."

Akaongea juu ya mbu, harufu, mteremko na tangi, bila kupumzika na bila kukosea. Kathini alikaa chini, akakunja mikono, akamsikiliza. Mzee alipomaliza, wazee wa Ziwani walimgeukia Kathini na kumwuliza swali moja tu: angeweza kuja lini kuona uwanja wao?

"Uko mbali?" Kathini aliuliza, huku akiinuka na kujifunga leso kiunoni. "Twendeni sasa hivi."